Gari la Baba Msimamizi

Jirani zangu wa Tindiga, na ninyi wa Kilosa mjini na Mikumi, naomba mnisikilize. Habari hii wengi mmeisikia nusunusu, na kila aliyeipokea ameiongezea chumvi. Wapo wanaosema Yeremia alirogwa. Wapo wanaosema mkewe Costancia alipenda makuu, akataka kupanda gari wakati wenzake wanapanda bodaboda. Mimi ni mama Doto. Nyumba yangu na yao zimetenganishwa na michongoma tu, na magunia yangu mawili ya mpunga yalikuwa ndani ya gari lile siku lilipotuumbua. Nitasema nilichokiona, na mahali nitakapokasirika mtanivumilia.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tisa, mavuno yameshaingia ndani. Yeremia alikaa barazani akitia mpini kwenye jembe, huku redio ikipiga nyimbo za kwaya. Costancia alikuwa akipepeta mchele, na mimi nilikuwa nimekwenda kuazima ungo nikasahau kuondoka, kama ilivyo kawaida yangu. Mchele ule ulitoka kwenye shamba lake. Nasema lake kwa makusudi. Zilikuwa ekari tatu za bondeni, karibu na mfereji, alizoachiwa na marehemu baba yake, mzee aliyechonga majaruba yale ya mpunga kwa jembe la mkono mpaka mgongo ukapinda. Yeremia ni mtu wa milimani, kwao ni Lumuma, na alipokuja kuoa huku alikuja na begi moja na sauti nzuri ya kuimba. Bonde lile liliwalisha miaka tisa. Costancia alizoea kusema, "Hata nikikosa vyote, bonde la baba lipo."

Hapo ndipo tuliposikia honi njiani.

Gari likaingia uani hadi kuku wakatawanyika. Lilikuwa kirikuu, yale magari madogo ya mizigo yenye viti viwili mbele na bodi wazi nyuma, limepakwa rangi ya bluu na kung'arishwa hata ungeweza kujitazama ukafunga kilemba. Wakashuka mzee Valentino na mkewe Rebeka, kutoka Mikumi. Hao ndio waliosimamia ndoa ya Yeremia na Costancia, na uzito wa jambo hilo hamhitaji kufundishwa na mimi. Msimamizi ndiye anayesimama nawe mbele ya padri. Ndiye unayempelekea ugomvi wa ndani kabla haujafika kwa wazazi. Yeremia alimwita baba, na alimtii kuliko hata baba yake aliyemzaa.

"Shikamoo baba! Shikamoo mama!"

"Marahaba wanangu. Tumekuja kuwaona, na tumekuja na neno."

Neno lilitolewa baada ya chakula. Mzee Valentino alisema miguu yake imechoka kukanyaga klachi, sasa anataka kulima, lakini Mikumi hana ardhi ya maana. Akasema anajua hamu ya Yeremia, maana tangu siku ya kwanza kijana huyo alikuwa akisema angepata gari angebeba mpunga wa wanakijiji kwenda mjini na vitunguu vya kwao Lumuma kwenda Mikumi.

"Tubadilishane," akasema. "Nipeni lile bonde, mimi niwape gari. Hakuna kinachotoka nje. Vyote vinabaki ndani ya familia."

Nilimtazama Costancia. Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake.

"Baba," akasema kwa adabu zote, "pale Mikumi kuna fundi Lupakisyo, anasifiwa sana. Si tungempa aliangalie kidogo kabla hatujakubaliana?"

Mzee alicheka. "Mafundi wa Mikumi, mwanangu? Wale wanafungua kizima wanarudisha kibovu. Likiwasumbua, mpelekeeni fundi wangu wa Kilosa, anaitwa Mudi. Analijua gari hili kama mtoto wake. Msilipeleke kwingine."

Ndugu zangu, maneno hayo yalikuwa taa nyekundu, na sisi sote pale uani tulikuwa na macho. Lakini Yeremia alikuwa ameshasikia aibu. Akamvuta mkewe hadi jikoni, na kwa kuwa jiko lao halina mlango, nilisikia kila kitu.

"Unanidhalilisha! Mtu aliyenishikia pete, leo nikampime kwa fundi? Nimwambie nini? Kwamba baba, nakuona mwongo?"

"Sijasema mwongo. Nimesema tuliangalie."

"Ni kitu kilekile!"

Mnamlaumu Yeremia? Msimlaumu haraka. Wangapi wetu tungethubutu? Tunampa mkwe shati bila kuuliza ukubwa wake kwa sababu kuuliza ni kumkosea. Kwetu heshima ndiyo inayofunga midomo, na ikishafunga, anayeujua udhaifu huo anaingia mlango wa mbele mchana kweupe.

Aliyemlainisha Costancia alikuwa Rebeka. Alimpeleka chumbani, akamshika mikono yote miwili. Costancia mwenyewe ndiye aliyenisimulia. "Mwanangu," Rebeka alimwambia, "mimi nipo. Kuna siku niliwahi kukuficha jambo?" Costancia akafikiri, akaona kweli hakuna, akakubali.

Sasa sikilizeni mambo yalivyofanyika, maana hapa ndipo penye kidonda. Kwa upande wa shamba, mzee Valentino alitaka karatasi. Walikwenda ofisi ya kijiji, ikaandikwa hati nakala tatu, mipaka ikatajwa mmoja mmoja, mashahidi wakaitwa, mhuri ukagongwa. Costancia akatia sahihi yake. Kwa upande wa gari, karatasi haikuandikwa. "Tutaandikiana baba na mwana?" mzee alisema. Kadi ya gari angeileta. Basi tukala wali na kuku, mzee akaweka mkono juu ya gari akaomba, akamkabidhi Yeremia ufunguo. Mimi nilikula wali ule, nikachukua na ukoko, nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Nayasema haya msije mkadhani najitoa.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa sherehe. Yeremia aliamka anafuta vioo, analala anazungumzia tairi. Alibeba mpunga wa nusu ya kijiji kwenda Kilosa, na Costancia alikaa mbele na khanga mpya akituma salamu kwa mkono kama mke wa mheshimiwa. Tulimtania, naye akacheka.

Wiki ya tatu gari likakataa kuwaka. Mudi wa Kilosa akasema ni plagi. Plagi zikabadilishwa, likawaka siku nne. Akasema ni waya. Waya zikabadilishwa, taa za mbele zikazimika. Akasema ni pampu ya mafuta. Mvua za kwanza ziliponyesha, gari lilianza vituko: limeegeshwa uani, halina mtu, honi inalia yenyewe na vifuta kioo vinacheza. Watoto walikuja kulishangilia. Yeremia alicheka nao siku ya kwanza. Siku ya pili aliwafukuza kwa fimbo.

Kila Mudi alipofungua boksi lake la spana, kitu kilitoka kwenye nyumba ile. Kwanza walikwenda mbuzi. Ikafuata cherehani ya Costancia. Halafu yale mabati mapya waliyoyaweka chini ya kitanda wakingoja kuezeka. Mwisho, gunia kwa gunia, ukatoka mpunga wa chakula. Niliona kwa macho yangu nyumba inayolima mpunga ikinunua unga wa dona kwa vikombe.

Mwezi wa kumi na moja Costancia akasema imetosha. "Gari hili ni bovu tangu mwanzo, baba Lightness. Tulirudishe." Lightness ni binti yao, alikuwa darasa la pili. Yeremia akapaza sauti, Costancia naye akapaza, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa nikasikia sahani ikipasuka upande wa pili wa michongoma.

Na ugomvi wa mke na mume unapelekwa kwa nani? Kwa msimamizi!

Yeremia akampigia simu, mzee akaja kesho yake kwa bodaboda, amevaa koti. Akakaa kwenye kiti cha katikati, akawaweka wawili hao mbele yake kama siku ya ndoa. Akamsikiliza Yeremia. Akamsikiliza Costancia, aliyeeleza habari ya gari lililotoka kwa mzee mwenyewe, na mzee hata kope haikumcheza. Kisha akatoa hukumu.

"Costancia, mwanangu. Mwanamke hamkatishi mume wake tamaa. Gari ni chuma, linahitaji uvumilivu, na ndoa pia inahitaji uvumilivu. Mwombe mwenzako msamaha."

Costancia akapiga magoti, akaomba msamaha. Mzee akachinjiwa kuku wa mwisho, akala, akafuta mikono.

"Na kadi ya gari, baba?" Yeremia akauliza.

"Nitaileta, mwanangu. Usiwe na haraka."

Mpaka leo nikikumbuka magoti ya yule binti kwenye vumbi, hasira inanipanda upya. Mtu amekuuma, halafu anakaa kuamua kesi ya maumivu yako, na anakula kuku wako!

Mwezi wa kumi na mbili tulipakia mpunga kwenda Mikumi. Mimi nilikaa mbele na Yeremia, Costancia alikaa nyuma juu ya magunia kwa sababu mimi magoti yananisumbua. Tulikuwa tumebakiza kipande kidogo kufika barabara kubwa, moshi ukaanza kutoka chini ya usukani, ukiwa na harufu ya plastiki inayoungua. Gari likazima. Mvua nayo ikaona hapo ndipo pa kunyeshea. Tuliyafunika magunia kwa khanga zetu, lakini khanga ni khanga. Yalilowa yote, yakiwemo yangu mawili. Baada ya muda mrefu lori la vitunguu lilitufunga kamba likatukokota hadi Mikumi, na likatuacha kwenye gereji ya kwanza iliyokuwa kando ya barabara. Gereji hiyo ilikuwa ya Lupakisyo.

Fundi Lupakisyo ni mtu wa Mbeya, mfupi, hasemi sana. Alilizunguka gari mara moja. Akainama kwenye taa ya mbele, akaitazama kwa ndani kwa muda mrefu, akatuita. Ndani ya kioo cha taa kulikuwa na mstari wa tope uliokauka, umenyooka kama uliopigwa rula.

"Maji yaliishia hapa," akasema.

Akang'oa viti. Akanyanyua zulia la sakafuni. Chini yake kulikuwa na udongo mwembamba wa mtoni, umeganda, na makapi ya mpunga ndani yake. Akaingiza mkono nyuma ya dashibodi, kwenye waya zilizooza zikawa za kijani, akatoa kigamba cha konokono wa majini, kidogo, cheupe. Akamwekea Costancia kiganjani.

"Gari hili limezama, mama. Halikulowa, lilizama kabisa. Mnaweza kubadilisha kila kitu na bado litaoza kwa ndani. Litawaka mwezi, litakufa. Litawaka tena, litakufa."

Kisha akachukua bisibisi, akakwangua rangi ya bluu kwenye bawaba ya mlango. Chini yake palikuwa peupe. Akasimama.

"Huyu mzee Valentino kawauzia?"

Hatukuwa tumetaja jina la mtu.

"Nililijua likiwa jeupe," Lupakisyo akaendelea. "Mafuriko ya mwaka juzi yalimkuta Dumila amepakia nyanya, gari likakaa ndani ya maji siku tatu. Lililetwa hapa hapa, limekokotwa. Nilimwambia auze skrepa. Akanijibu, 'Skrepa hailipi.' Akaondoka nalo. Sikujua kwamba angempa mtu."

Yeremia aliketi chini kwenye oili. Mwanamume mzima aliketi kwenye oili akaziba uso, na akawa anasema neno moja tu, "Baba. Baba." Costancia hakulia. Alifunga kile kigamba kwenye pindo la khanga, akasema, "Twendeni kwake."

Tulikwenda kwa miguu, tumelowa. Tulimkuta barazani anakunywa chai. Shikamoo tulimpa, maana malezi ni malezi, naye akaitikia. Lakini alipoona kigamba cha konokono alijua, wala hakuhangaika kukana. Hilo ndilo lililonishangaza zaidi.

"Baba, ulijua?" Yeremia akauliza.

"Nilijua."

"Si ungesema tu, baba."

"Ningesema, mngelichukua?"

"Hapana."

"Basi." Akanywa chai. "Mimi maji yaliniletea hasara, Yeremia. Ningekufa nayo peke yangu uzeeni? Ninyi ni vijana, mna nguvu. Lakini mimi si mtu mbaya. Nileteeni ng'ombe wawili wa jembe kabla trekta nililokodi halijaingia bondeni, na shamba nawarudishia, tutaandikiana. Na gari hilo lisikutie unyonge. Lioshe. Tafuta mtu anayekuheshimu."

Nikamwambia, "Mzee, Mungu anakuona." Akanijibu kwamba mimi si mtu wa familia. Rebeka alikuwa jikoni, tulisikia vyombo vikigongana, lakini hakutoka.

Walikwenda ofisi ya kijiji. Mtendaji aliisoma ile hati mara mbili, akasikitika kweli. Imeandikwa wamebadilishana shamba na gari kwa hiari yao. Hali ya gari haikutajwa popote. "Mngeniambia niandike na la gari," akasema. "Mlisema hilo ni la familia."

Basi likabaki tumaini la ng'ombe wawili, na nyumba ile haikuwa na hata kuku. Siku zilikimbia. Mvua zilikuwa zinakolea, na trekta lilikuwa limeshafika kijiji cha jirani. Costancia alikwenda bondeni kila asubuhi, anasimama kwenye tuta la baba yake, anarudi. Nikimuuliza umekwenda kufanya nini, ananiambia, "Kuliangalia tu, mama Doto."

Yeremia naye akabadilika. Alilirudisha gari uani, likakarabatiwa na Mudi kwa mara ya mwisho, kwa mkopo, akaazima betri mpya. Akaanza kuliosha. Aliliosha jana, akaliosha leo, akapaka matairi rangi nyeusi, akazisugua taa mpaka ule mstari wa tope ukatoweka. Nilimtazama kupitia michongoma na moyo ukaniambia jambo ambalo sikutaka kulisikia.

Jumapili moja baada ya misa akaja Beda. Huyu ni kijana mwimbaji wa kwaya, yatima, aliyepata ng'ombe wawili wa kulimia kwa kuchunga mifugo ya watu miaka sita. Alikuja amebeba jogoo, na viatu vyake amevipiga kiwi. Nilikuwepo, kama kawaida yangu.

"Shikamoo kaka. Shikamoo mama Doto."

"Marahaba Beda. Karibu kiti."

"Kaka Yeremia, nimepata mchumba. Tunatarajia kufunga ndoa mwezi wa nane. Tumezungumza na mwenzangu, tukaona hakuna watu tunaowaheshimu kama wewe na dada Costancia. Tunaomba mtusimamie."

Yeremia akamshika mkono. Akasema wamepokea, na kwamba ni heshima kubwa.

"Na lingine," Beda akasema, akilitazama gari lililokuwa linang'aa juani. "Nasikia unaliachia hili. Mimi pesa sina, lakini wale ng'ombe wangu unawajua. Nikiwa na gari mke wangu hatalala njaa."

"Ng'ombe wawili?" Yeremia akauliza polepole.

"Wote wawili."

Ndugu zangu, nisiwafiche. Pale nilipokaa, mimi mama Doto, mcha Mungu, nilitamani akubali. Niliwaona wale ng'ombe wakienda Mikumi na bonde likirudi. Costancia alikuwa mlangoni na sinia la chai, na uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mwezi wa tisa. Lilikuwa shamba la baba yake, umbali wa neno moja tu la mume wake.

Yeremia akasema, kwa sauti nyembamba isiyokuwa yake, "Labda ungemwita fundi kwanza..."

"Fundi wa nini?" Beda akacheka. "Wewe ndiye utakayenishikia pete, halafu nikupime? Wewe si mtu wa kunidanganya, kaka."

Yeremia akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu kuliko anavyopaswa kunyamaza mtu mwema, kisha akanyoosha mkono kuchukua ufunguo uliokuwa mezani.

Costancia akaweka sinia chini. Akafungua pindo la khanga, akatoa kile kigamba cha konokono, akakiweka kiganjani mwa Beda kama alivyowekewa yeye.

"Kimetoka ndani ya gari hilo," akasema. "Lilizama Dumila siku tatu. Nenda ukainue zulia mwenyewe, na usiponiamini kamuulize fundi Lupakisyo."

"Costancia!" Yeremia akaruka. "Unajua unachofanya? Shamba lako hilo! Lako!"

"Ni langu," akasema. "Ndiyo maana nasema mimi."

Kisha akaingia ndani, na hapo sasa tukamsikia akilia. Beda aliinua zulia. Alisimama pale akitazama udongo, akamtazama Yeremia, akaondoka bila kugusa chai. Jogoo alimwacha. Trekta la mzee Valentino liliingia bondeni siku ya Jumatano.

Mpunga wa mwaka ule ulistawi vizuri, msinione mchawi nikisema ningependa ukauke. Mwezi wa sita mzee alihitaji vibarua wa kuvuna. Wenye njaa hawachagui mundu, na Costancia alikuwa na mtoto wa kulisha. Alikwenda. Na mimi nilikwenda, kwa sababu sikutaka awe peke yake. Tulikata mpunga kwenye majaruba ya baba yake, yeye aliyeachiwa shamba lile sasa akiwa kibarua wa mzee.

Mchana akaja Rebeka na ndoo ya maji ya kunywa. Alimfikia Costancia, akamnyooshea kikombe.

"Mwanangu, nisamehe. Nilijua. Aliniambia nikisema tutakufa maskini."

Costancia alinyoosha mgongo taratibu. "Mama, siku ya ndoa yangu ulinishika mkono ukaniambia, 'Usinifiche kitu.' Nami sikukuficha. Mimba yangu iliyoharibika ulikuwa wa kwanza kujua, kabla hata ya mume wangu. Nilikuletea kila kitu changu, mama." Akaokota mundu wake. "Kumbe nilikuwa nakuletea mimi tu."

Rebeka alibaki ameshika kikombe. Costancia aliinama akaendelea kukata. Maji yale hakuyanywa, na siku ile ilikuwa ya jua kali.

Mwezi wa nane Beda alifunga ndoa. Wiki moja kabla alikwenda kwa Yeremia, wakazungumza wawili peke yao, na Yeremia alitoka amevimba macho. Siku yenyewe waliosimama nyuma ya maharusi walikuwa Yeremia na Costancia. Watu walinong'ona. Beda alisema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba amemchagua dada Costancia, na kaka Yeremia amekuja naye. Yeremia aliinamisha kichwa akakubali iwe hivyo. Mvua zilizofuata, ng'ombe wale wale wawili wa Beda waliwalimia Yeremia na mkewe kipande cha kuazima kule juu kwenye mahindi. Ni kipande kidogo, kina mawe, na hakitafika kamwe kuwa bonde la baba.

FUNZO

Jirani zangu, hadithi hii si ya kuchekea gari linalojipigia honi mvuani. Unapotaka kununua gari kuukuu, au chochote kilichokwisha kutumika, mwite fundi uliyemchagua wewe, asiwe wa muuzaji. Afanye kazi mchana, mbele yako, viti ving'olewe na zulia liinuliwe. Fanya hivyo hata kama muuzaji ni msimamizi wako, mchungaji wako au mjomba wako. Mtu safi hataumia kwa gari lake kuangaliwa. Anayeumia, mwache na gari lake.

Mkiandikiana shamba, andikianeni na gari. Anayedai mhuri kwa kinachokuja kwake, na sala tu kwa kinachotoka kwake, ameshakueleza yeye ni nani.

Na ninyi mnaoitwa baba na mama na watu wasiowazaa, ogopeni jina hilo. Yule mzee hakuiba ekari tatu tu. Leo hapa Tindiga vijana wanaogopa kutafuta wasimamizi, na wenye ugomvi ndani ya nyumba wanameza wenyewe.

La mwisho ni gumu, na nalisema nikijua kwamba mimi mwenyewe nililishindwa siku ile. Ukidanganywa, uovu ufie kwako. Usiuoshe, usiupake rangi, usiutafutie mtu anayekuheshimu. Costancia alilipa shamba lake ili uovu usivuke michongoma yake, na katika sisi sote tuliokuwa uani, aliyeweza ni yeye peke yake.

Gari bado lipo pale kwao, kuku wanataga kwenye viti. Yeremia ameandika kwa chaki mlangoni: LILIZAMA. Mvua ikiifuta, anaandika tena.